Sindano ya Liyongo: kanuni za mapigano za D&D, RuneQuest na GURPS zikipimwa Lamu

Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, kundi letu la watu watano hukutana baada ya Isha kwenye baraza ya nyumba moja hapa Amu. Tunacheza michezo ya kuigiza ya mezani: mmoja ni msimulizi, kila mwingine ana mhusika wake, na palipo na shaka dadu huamua. Usiku mmoja shujaa wa mwenzetu, mpiganaji aliyepanda hadi ngazi ya 5 ya uzoefu, alisukumwa kutoka kileleni mwa mnazi wa mita 15. Tulikuwa tukicheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, na kanuni yake ya kuanguka haina utata: kila futi 10, yaani kama mita 3, ni dadu moja ya pande 6. Tukarusha dadu 5, zikatoa 19. Shujaa alikuwa na pointi za uhai 44. Akabaki na 25, akainuka, akapigana kwa nguvu zilezile. Hata zingetoka sita tupu, 30 isingemuua.

Mchezaji wake ni mpwa wa mkwezi. Aliweka karatasi chini akasema, "Mjomba wangu alianguka mnazi mfupi kuliko huo. Mpaka leo hajanyoosha mgongo."

Hakuna aliyetaka kuendelea. Tulimaliza kahawa tukaagana, na tangu usiku ule nimekuwa nikijaribu kanuni za michezo mbalimbali nikitafuta jibu la swali alilotuachia: kwa nini anguko la mchezoni lisiumize kama la kweli? Ninayaandika haya kwa yeyote anayetaka kuanzisha kundi lake na hajui achukue kitabu kipi.

Mantiki ninayoitafuta

Bao linalochezwa Mkunguni, mbele ya ngome, halina deni hili. Lina kete 64 na mashimo 32, na hakuna anayeuliza kete ni nani wala shimo ni wapi. Mchezo wa kuigiza umejifunga wenyewe: umesema hili ni jambia, huu ni ukuta, huyu ni mtu ana tumbo na mgongo. Ukishasema hivyo, msikilizaji ana haki ya kudai jambia likate.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Mwite mtu asiyesoma kitabu cha mchezo lakini anayejua maisha, baharia au fundi wa kuchonga milango. Mweleze hali ilivyo, umuulize atafanya nini na anatarajia nini. Kanuni zikimpa takriban alichotarajia, zina mantiki. Zikimlazimisha kwanza asome kurasa 300 ndipo ajue kwamba kuruka kutoka juu ya mnazi ni njia nzuri ya kushuka, hazina.

Pigo moja

Inasimuliwa kwamba Fumo Liyongo hakudhuriwa na mshale wala mkuki. Kilichomuua ni sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni akiwa usingizini, na aliyemchoma ni mwanawe. Sijapata mizani nzuri kuliko hiyo ya kupimia kanuni za majeraha.

Mtie Liyongo katika D&D. Tumpe ngazi ya 10 ya mpiganaji na mwili wenye afya njema: ana pointi 84. Amelala, basi anahesabiwa hana fahamu, na anayemchoma kwa karibu akimpata, pigo lake ni pigo kuu, dadu za jambia zinarushwa maradufu. Dadu 2 za pande 4, na tumuongezee mwana 3 za wepesi wa mkono: kwa wingi kabisa ni 11. Tumfanye mwana huyo mwizi wa ngazi ya 1 mwenye ujuzi wa kuvizia, ifike 23. Liyongo anaamka na pointi 61, na mwanawe hana pa kujificha. Hadithi imekufa, shujaa yu hai.

Gary Gygax, aliyeutoa mchezo huu pamoja na Dave Arneson mwaka 1974, alilijibu lalamiko hili katika mwongozo wa msimulizi wa 1979. Alisema pointi zile si nyama na damu tu. Sehemu kubwa ni ustadi wa kuliepuka pigo la kuua, bahati, na ulinzi wa mbinguni. Ni jibu la mtu aliyefikiri, na nililishikilia kwa muda mrefu. Lakini lisukume kidogo. Ikiwa mpiganaji aliliepuka pigo, sumu iliyopakwa kwenye ncha ya mkuki imemwingia vipi? Ikiwa kilichopungua ni bahati, kwa nini uganga wa kuponya majeraha ndio unaoirudisha? Na aliyelala anaepukaje? Jibu la Gygax linasimama kwa upanga wa ana kwa ana, halisimami kwa sumu, kwa mnazi, wala kwa sindano.

Nililielewa jambo hili vizuri zaidi nilipojua lilikotoka. Arneson mwenyewe alieleza kwamba pointi za uhai na kiwango cha deraya alivitoa katika kanuni alizokuwa ameziandika za mchezo wa manowari za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kwa chombo cha baharini hesabu hiyo ni barabara. Jahazi likitoboka mahali pamoja, mabaharia wanafua maji na safari inaendelea. Likitoboka pa pili, bado linakwenda. Linakwenda hivyo hivyo hadi tundu la mwisho, kisha linazama. Mtu wa Arneson ni jahazi lililopewa miguu. Ndiyo maana mpiganaji wa D&D mwenye pointi 1 anapiga sawasawa na mwenye 84.

RuneQuest, iliyotolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1978, ilianza upande wa pili. Mwili umegawanywa, na kila kiungo kina pointi zake. Mtu wa kawaida ana 12 kwa jumla, lakini tumbo lake lina 4 tu. Jambia hutoa dadu ya pande 4 na kuongeza 2, kwa hiyo matokeo matatu kati ya manne yanamwangusha asiye na deraya, akitokwa damu. Deraya haifanyi pigo likose. Inalipunguza, kama inavyopaswa. Na jambo lililonivuta kuliko yote: mtu akipigana miaka 20, ustadi wake wa upanga unapanda kutoka 40 kwa mia hadi 90, lakini zile 12 haziongezeki kwa kuzoea vita. Bingwa ni mgumu kupigwa. Akishapigwa, ni mtu kama mimi na wewe.

GURPS ya Steve Jackson, ya mwaka 1986, na toleo lake la nne la 2004, inafika palepale kwa hesabu nyingi zaidi. Mtu wa kawaida ana pointi 10. Kinachopenya deraya huzidishwa kufuatana na silaha: kilichokatwa mara moja na nusu, kilichochomwa mara 2, na kilichochomwa kwenye viungo vya ndani mara 3. Ukiumia, pigo lako linalofuata linaharibika kwa maumivu. Ukiumia zaidi ya nusu ya pointi zako kwa mara moja, unarusha dadu kuona kama utabaki umesimama. Mpwa wa mkwezi alisoma ukurasa huo akatikisa kichwa polepole, kama anayemtambua mtu.

Lakini nisiidhulumu D&D. Liyongo yuleyule, kabla ya ile sindano, alikuwa mtu ambaye majeshi yalimshindwa na mishale ikaanguka chini. Sehemu hiyo ya hadithi RuneQuest haiwezi kuisimulia: mishale mitatu ya watu wa kawaida ingemmaliza Liyongo kabla hajawa Liyongo. D&D inaisimulia bila shida, maana ndiyo kazi yake. Mwanakijiji wa D&D ana pointi 4 na akianguka mnazi ule anakufa. Shujaa ndiye aliyetolewa katika sheria hiyo. Ukiona kitabu kimesema wazi kwamba mashujaa wake si watu wa kawaida, huna sababu ya kukishtaki kwa kutokuwa na akili. Kosa letu usiku ule lilikuwa kwamba tulitaka kuigiza wakwezi na mabaharia kwa kanuni za majitu.

Kukinga

Aliyewahi kusimama kwenye duara la kirumbizi wakati wa Maulidi, zumari ikilia na watu wawili katikati na fimbo zao, anajua kwamba kupiga ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kukinga, kukwepa, kumhadaa mwenzako aangalie bega hili huku fimbo ikitokea lile. Anayesifiwa ni yule ambaye fimbo haimfikii.

Katika D&D anayeshambuliwa hafanyi kitu. Ana nambari yake, mshambuliaji anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza ustadi wake, ikifika imefika. Nambari hiyo inatokana na deraya na wepesi: mnyororo ni 16, bamba la chuma ni 18. Ustadi wa vita hauingii. Mpiganaji wa ngazi ya 20 akivuliwa deraya ni rahisi kumpata sawa na wa ngazi ya 1 mwenye wepesi uleule. Hapo ndipo nilipokata tamaa na kanuni hii kwa kundi langu, kwa sababu wawili kati yetu hucheza kirumbizi na kila pigo liliwauma kwa namna hiyo: "Mimi mikono yangu iko wapi?"

GURPS inakuwekea mikono. Mshambuliaji mwenye ustadi wa 12 anarusha dadu 3 za pande 6, zikitoa 12 au chini amelenga, yaani mara 74 katika 100. Kisha mpinzani mwenye ustadi uleule anarusha zake kukinga: 9 au chini, mara 37 au 38 katika 100. Mapigo yanayofika mwilini ni kama 46. Wakutanishe wawili wa ustadi wa 16 na yanashuka hadi kama 37, ingawa karibu kila pigo limelenga. Mabingwa wanagongana silaha muda mrefu, na wa kwanza kuhadaa vizuri ndiye anayeshinda, kwa sababu hadaa ina kanuni yake. Hicho ndicho ninachokiona kwenye kirumbizi.

RuneQuest nayo ina kukinga, na aliyeiandika alikuwa na sababu. Steve Perrin alikuwa mwanachama wa awali wa Society for Creative Anachronism, chama cha Marekani ambacho watu wake huvaa deraya na kupigana kwa silaha za henzerani. Alijua kwa mwili wake upanga wa mti unavyofika begani. Kwa hiyo mpangilio wa nani atangulie unahesabu hata urefu wa silaha: mwenye mkuki mrefu humfikia mwenye jambia kabla jambia halijamfikia yeye. Muulize mtu yeyote asiyesoma kitabu, atakwambia hivyo hivyo. Katika D&D jambia na mkuki havina tofauti hiyo kabisa, anayetangulia huamuliwa na dadu na wepesi.

Muda, zamu, na jiwe la Shela

Raundi ya D&D ni sekunde 6, ya RuneQuest ni 12, zamu ya GURPS ni sekunde 1. Kwa karatasi, GURPS imeshinda: kutoa jambia alani ni zamu nzima, kukimbia mita 20 ni zamu 4 au 5, kila kitu kina bei yake halisi. Kwa baraza la watu watano, hesabu ni nyingine. Wachezaji 4 na maadui 7 wakipigana sekunde 20 ni zamu 220. Tulijaribu mara moja. Adhana ya alfajiri ilitukuta bado tuko kwenye uchochoro uleule, na wawili walikuwa wamelala tangu usiku wa manane.

D&D ni nyepesi zaidi, lakini zamu zake zina ufa. Upanga ukirushiwa dadu mara moja kwa sekunde 6, tunaambiwa hapo katikati palikuwa na mapigo mengi yasiyohesabiwa, na hili ndilo lililopenya. Haya, tukubali. Sasa chukua upinde: kila dadu moja ni mshale mmoja, na mshale unatolewa podoni. Upanga umefanywa fumbo, mshale umefanywa hesabu, na vyote viwili viko kwenye raundi moja.

Ufa huo ukiupanua unapata kichekesho kinachojulikana na wachezaji duniani kote. Panga watu 2,000 kutoka Shela hadi Mkunguni, kila mmoja kwenye futi 5 zake, karibu kilomita 3. Kila mmoja ajiandae kupokea jiwe la matumbawe na kumpa wa mbele yake. Kwa herufi ya kanuni wote wanamaliza ndani ya raundi moja, kwa hiyo jiwe limesafiri mita 500 kwa sekunde, kasi inayopita ya sauti. Mwongozo wa msimulizi wa toleo la 2024 umelikata jambo hili kwa kusema wazi kwamba kanuni si fizikia. Nakubaliana nao. Kipimo cha mtu asiyesoma kitabu kinatoa jibu lilelile: hakuna mpagazi wa gatini atakayetarajia jiwe hilo lipae.

Kuna jambo moja ambalo nasikitika kwamba matoleo mapya yamelisukuma pembeni, nalo ni woga. Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Mazrui wa Mombasa na watu wa Pate walipotushukia ufukweni, havikwisha kwa sababu kila adui aliuawa. Vilikwisha waliposhindwa wakarudi mbio kwenye vyombo vyao, na inasimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Watu hukimbia. Katika D&D ya 2014 kanuni ya woga ni ya hiari, imewekwa nyuma ya mwongozo, na makundi mengi huigiza vita ambapo mnyang'anyi wa mwisho anafia palepale kama hana mama.

Toleo jepesi la D&D la 1981, lililohaririwa na Tom Moldvay, lilikuwa na dawa nzuri. Kila aina ya adui ina nambari ya ujasiri kati ya 2 na 12. Akifa wa kwanza, na tena nusu yao wakishaanguka, msimulizi anarusha dadu 2 za pande 6. Zikizidi nambari ile, wanakimbia au wanajisalimisha. Ni mistari michache, inahamishika kwenda mchezo wowote. Mimi siendeshi tena vita bila hiyo, na utakachochagua katika hivi vyote, ichukue.

Uchague ipi

Kama wachezaji wako ni vijana wanaotaka kuwa majitu, wapande ngazi, wapambane na joka usiku mzima na warudi kesho, chukua D&D na usione haya. Kanuni za msingi za toleo la tano zimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023, kwa hiyo unaweza kuzipakua bure, na hata kuzifasiri kwa Kiswahili na kuzigawa ukitaja asili. Shida yake huku ni dadu. Sijawahi kuona dadu ya pande 20 ikiuzwa Usita wa Mui. Sisi tulianza kwa vipande 20 vya karatasi ndani ya kofia, na vilifanya kazi.

GURPS inatumia dadu za ludo tu, tatu, na kuna muhtasari wake wa bure wa kurasa 32. Ninaipendekeza kwa watu wawili au watatu, si zaidi, wanaopenda kuchambua kila pigo. Kwa mwalimu anayetaka kueleza uwezekano wa hesabu, hakuna zana bora: acha wanafunzi wagundue wenyewe kwa nini 10 na 11 hutoka mara nyingi na 3 ni nadra.

Kuna njia ya nne, Dungeon World ya 2012, ambayo maadui hawarushi dadu za kushambulia. Mchezaji anarusha dadu 2: 10 na zaidi amefaulu, 7 hadi 9 amefaulu kwa gharama, 6 au chini msimulizi anamletea balaa. Mantiki yote imewekwa kichwani mwa msimulizi. Ukiwa na msimulizi mwadilifu inakwenda kama maji. Ukiwa na anayependelea rafiki zake, hakuna nambari ya kukimbilia. Kwa kundi jipya lisilojuana nisingeanza nayo.

Kundi langu limehamia ukoo wa RuneQuest. Kanuni za msingi za ukoo huo, zinazoitwa Basic Roleplaying, zilitolewa mwaka 2023 chini ya leseni huria ya ORC, na zote ni asilimia: una 55 ya kuogelea, rusha 55 au chini. Kila mtu barazani alielewa kabla kahawa haijapoa. Zina upungufu, na unaonekana mapema: wahusika hufa. Wawili walikufa mwezi wa kwanza, mmoja kwa mshale wa paja uliovuja damu huku sisi tukibishana nani aende kumfunga. Ukianzisha kundi kwa kanuni hizi waambie wachezaji siku ya kwanza, na kila mmoja awe na mhusika wa akiba.

Wiki iliyopita nilimweka mpwa wa mkwezi juu ya paa la makuti, mita 6, adui wakipanda ngazi nyuma yake. Alitazama karatasi yake, akatazama tumbo lenye pointi 4 na miguu yenye 4 kila mmoja. Akaniuliza paa hilo limefungwa kwa kamba ya nini, na kama kuna ya ziada.